Mwalimu Aliyepaka Kitongoji Chetu Rangi Nyekundu

Sisi wa Kilosa upande wa mtoni tulimwita Mwalimu wa Ramani. Jina lake la ubatizo lilijulikana kanisani na hospitalini, lakini barabarani sikuwahi kumsikia mtu akilitumia. Nilipohamia jirani yake na cherehani yangu alikuwa ameshastaafu kufundisha jiografia, na kwa miaka yote tuliyokaa ua kwa ua hakuacha kufundisha. Alikufundisha ukiwa unamenya viazi. Alikufundisha ukiwa umekuja kuomba kiberiti. Ukimwambia mvua imenyesha sana, hakuitikia kama watu wengine. Aliuliza, "Imenyesha wapi?" Ukisema hapa, anatikisa kichwa kwa masikitiko, kwa sababu mto wetu wa Mkondoa hauli mvua ya hapa. Unakula ya juu, kule reli inakotokea, na sisi tunapelekewa mabaki.

Alikuwa mwanamke mnene, mwenye haraka, aliyetembea ameinamisha kichwa kama mtu aliyeangusha sindano. Kwao ni milimani, Vidunda, na alilelewa na shule za misheni. Aliimba kwaya ya Kianglikana kwa sauti kubwa isiyojali wenzake wako wapi, na mwalimu wa kwaya, ambaye aliwahi kuwa mwanafunzi wake, alimpanga nyuma kabisa na kumwomba Mungu msaada.

Alipenda umbea kuliko mtu yeyote niliyemfahamu, na hakuona aibu. "Umbea ni taarifa ambayo haijapangwa," alisema. Alijua nani amepangisha chumba cha uani, nani amepata mgeni mwenye mtoto mchanga, bibi gani hawezi tena kushuka ngazi peke yake. Tulidhani ni udaku wa mstaafu asiye na kazi. Baadaye tulivikuta vyote kwenye ramani.

Simu yake ilikuwa ya kisasa, kubwa, na aliiandikia kwa herufi kubwa tupu. Hata pole ya msiba ilisomeka kama anakugombeza. Nilipomwambia, alijibu kwamba wazee hawaoni herufi ndogo. Kuzungumza kwa simu hakupenda. Alikupigia, akasema neno lake, akakata hujaitika. Lakini mkiwa ana kwa ana hakuruka salamu. Bi Mwanaidi, jirani yetu wa mwisho kabla ya mto, mkulima wa mpunga na migomba, alikuwa mkubwa wake kwa miaka michache tu, na hata siku walizokuwa hawapatani, ambazo ndizo zilikuwa nyingi, Mwalimu alisimama kwanza, akasema shikamoo, akangoja marahaba, ndipo ugomvi ukaanza.

Ugomvi wao mkubwa ulianza siku tulipoziona paa zetu.

Vijana wa chuo kutoka Morogoro walikuja wakiongozwa na mmoja aitwaye Baraka, mrefu, mpole, anayesema "samahani" kabla ya kila sentensi. Walikuja kuchora maeneo yanayokumbwa na mafuriko. Walirusha droni, ile ndege ndogo isiyo na rubani, ikapita juu ya mto na juu ya nyumba zetu ikivuma kama nyuki. Kisha walitembea mlango kwa mlango na simu, wakiuliza maji ya miaka iliyopita yalifika wapi ukutani, na kalavati gani huziba kwanza. Mwalimu aliwapa chumba cha mbele, akawapikia, akawasahihishia majina ya vijito mpaka wakachoka, na usiku akajifunza kompyuta yao. Wiki mbili hazikuisha akawa anachora nyumba mwenyewe, akiongea peke yake.

Kazi ilipokamilika walitukusanya darasani, shule ya msingi, wakatuonyesha picha ukutani. Niliona bati langu na tairi nililoliweka juu lisipeperuke. Watu walicheka, wakaonyeshana nyumba. Kisha Baraka akabonyeza kitu, na rangi nyekundu ikatanda kutoka mtoni, ikapita nyumba ya Bi Mwanaidi, ikapita ya Mwalimu, ikanifikia mimi.

Bi Mwanaidi alinyanyuka. "Mwalimu, nani amekutuma unipake rangi?"

"Rangi ni ya maji, Bi Mwanaidi. Si ya kwangu."

"Maji nayajua kabla yako. Yamekuja nikiwa binti, yamekuja nikiwa na mimba, nimeyakimbia, nimerudi. Lakini hii picha haiendi mtoni. Inaenda ofisini. Kesho atakuja mtu na hii picha yako aniambie hapa si pa kuishi watu, toka. Na mpunga wangu nitaupanda wapi, kwenye hiyo kompyuta?"

Baraka alisema samahani. Tulipotoka nilimsikia Mwalimu akimwambia kijana yule, "Ana haki ya kuuliza. Sikuwa nimelifikiria." Kwa miezi mingi baada ya hapo Bi Mwanaidi aliitikia salamu yake akiwa ameangalia pembeni.

Watu humkumbuka kama mtu aliyejua kila kitu. Haikuwa hivyo, na yeye mwenyewe hakubali isemwe hivyo. Tangu siku zote aliamini kwamba maji yakija tukimbilie kanisani, maana pako juu. Alikwisha kuwaambia watu, na watu walikwisha kumwamini. Baraka akamwonyesha kwenye picha kwamba kanisa lenyewe liko juu, lakini njia ya kwendea inashuka na kupita kwenye kalavati, na pale ndipo maji yangetangulia kufika. Akapendekeza tufuate tuta la reli hadi shule ya msingi, ingawa ni mbali zaidi.

Mwalimu alikasirika. Alimwambia kwamba yeye amepita njia ile kila Jumapili tangu kijana hajazaliwa. Asubuhi yake nilimwona akiitembea njia hiyo polepole, akisimama, akigeuka kuangalia nyuma, akiinama hadi magoti. Alirudi ana tope kwenye gauni, akaenda moja kwa moja alipokaa Baraka akinywa uji. "Inashuka," alisema. "Miaka yote naipita nikifikiria wimbo." Jioni hiyohiyo alianza kuzunguka tena nyumba zote kuwaambia watu kwamba alikosea, wasiende kanisani, waende shuleni. Mchungaji hakufurahi sana.

Kulikuwa na jambo moja ambalo hatukulielewa. Alikuwa na kiwanja juu, karibu na barabara, alichokinunua zamani. Akatuambia sote tuhame polepole kutoka kwenye wekundu, na yeye akabaki katikati yake. Siku moja nilimuuliza nikimpima gauni la Pasaka.

"Mwalimu, mbona wewe huhami?"

"Nikihama, Mama Zuhura, nani atanisikiliza? Watasema anatutisha akiwa amekaa pakavu." Akaninyooshea mkono niupime. "Halafu mchicha. Udongo wa huku mchicha unaota hata usipouangalia. Kule juu ni changarawe."

Sijui sababu ipi ilikuwa nzito zaidi. Nadhani hata yeye hakujua.

Ramani haikuwa na faida bila habari kutangulia maji, na hapo ndipo umbea wake ulipofanya kazi. Mwalimu mwenzake wa zamani aliishi juu, kituo kimojawapo cha reli, karibu na daraja ambalo nguzo yake ilipakwa mistari ya rangi. Mto ukipanda kufikia mstari wa juu, huyo rafiki anapiga picha na kumtumia. Yeye analinganisha na utabiri wa hali ya hewa ulioingia kwenye simu, kisha anaandika kwenye kundi letu la wasap. Wenye simu kubwa walikuwa wachache, kwa hiyo kila mmoja alipewa watu wa kuwapigia wenye vitochi, zile simu ndogo za vitufe, na kila mwenye kitochi alipewa jirani asiye na simu wa kumgongea mlango. Mimi nilipewa Bi Mwanaidi, ambaye kitochi chake kilikuwa hakina chaji siku zote. Imamu naye alikubali kipaza sauti cha msikiti kitumike. "Kipaza changu, maneno yako," alimwambia, "lakini yawe mafupi, Mwalimu. Nakufahamu."

Mara ya kwanza tulipotolewa, maji hayakuja.

Mvua ilikuwa kubwa, picha ya nguzo ilitisha, tukabeba watoto na magodoro tukaenda shuleni. Tulilala madarasani. Asubuhi tukarudi tukakuta mto uko kwenye njia yake na milango yetu iko wazi. Pasi yangu ya mkaa ilikuwa imeibwa, sola ya jirani imeng'olewa juu ya bati, na kuku wa Bi Mwanaidi hawakuonekana hata unyoya.

Mwenyekiti wa kitongoji aliitisha mkutano. Watu walisema maneno makali. Mmoja alisema Mwalimu ametufanya wakimbizi wa mvua ya kawaida. Mwingine akasema mtu akistaafu apumzike. Alikaa akasikiliza wote, mikono mapajani, kisha akasimama.

"Maji yalikuwa mengi kule juu, yakamwagika mashambani kabla ya kutufikia. Sikujua kwamba yanaweza kufanya hivyo. Sasa najua. Kuhusu mali zenu, nawaomba radhi, kwa sababu niliwatoa bila kufikiria nani atabaki kuangalia. Lakini sitaki niwadanganye. Nikitumiwa picha kama ile kesho, nitawatoa tena."

Watu waliguna. Bi Mwanaidi akasema kwa sauti, "Basi safari hii uwachore na kuku." Kicheko kikapita, na mkutano ukapoa kidogo. Kabla hatujatawanyika vijana wa ulinzi wa kitongoji walikubali kwamba tukitoka tena wao watakaa juu ya tuta la reli, mahali ambapo maji hayafiki na milango yote inaonekana. Ilikuwa hatua ndogo, lakini bila hiyo nina hakika mara ya pili nusu yetu tusingetoka.

Mara ya pili ilikuwa asubuhi, na jua lilikuwa kali. Nilikuwa nashona sare za shule. Mvua ilikuwa haijanyesha kwetu kwa siku kadhaa, na nguo nilizoanika zilikuwa zimeshakauka. Simu ikalia. MAJI YANAKUJA. TOKENI SASA. FUATENI RELI. MSIPITE NJIA YA KANISANI. Kabla sijamaliza kusoma kipaza sauti cha msikiti kikaanza kusema maneno hayohayo.

Niliwatuma wanangu waongozane na jirani, nikashuka kwa Bi Mwanaidi. Nilimkuta Mwalimu ameshafika, anahema, amesimama nje ya mlango.

"Shikamoo, Bi Mwanaidi."

"Marahaba. Na jua lote hili?"

"Yametoka juu tangu alfajiri. Nimeona picha, mistari yote imezama."

"Ile ya kwanza pia uliona picha."

"Niliona."

Bi Mwanaidi alikuwa amekaa kwenye kigoda anapepeta mchele. Aliendelea kupepeta. "Nikitoka, Mwalimu, nikirudi nitakuta pangu bado ni pangu?"

Nilitaka kumvuta mkono. Mwalimu alinizuia. "Hilo silijui," alisema. "Ninachojua, ukiwa hai utagombana nao, na mimi nitasimama upande wako nigombane nao. Leo sina hoja nyingine. Naomba utoke."

Bi Mwanaidi aliweka ungo chini. Akafungua mbuzi wake, akachukua redio, akafunga mlango kwa kufuli, tukaondoka. Tulipopanda tuta la reli nilisikia mto, nao haukuwa na sauti ya mto. Ulikuwa kama lori linalomwaga kokoto. Yalitokea maji ya kahawia yamebeba migomba mizima na mlango wa nyumba ya mtu, yakaingia kwenye kalavati ya njia ya kanisani kwanza, yakaikata njia vipande viwili. Mwalimu alisimama akaangalia pale kwa muda. Alimpigia Baraka Morogoro, akasema, "Ulipatia," akakata.

Nyumba yangu maji yalifika dirishani. Ya kwake, ukuta wa nyuma ulianguka, na vitabu vyake vya kufundishia vikaenda na mto, na mchicha, na kitanda. Maji yalipopungua alizunguka mabaki yale mara moja, akaokota sufuria moja, akanipa nimshikie. Hakulia. Tulikuwa tumeshahesabiana shuleni, kila mtu na watu wake, na wote tuliokuwa kwenye ramani tulikuwepo.

Lakini kulikuwa na mtu ambaye hakuwa kwenye ramani. Alikuwa mfyatua matofali, alikuja baada ya mavuno kutoka mbali, akajijengea kibanda cha nyasi kwenye kona ya mto, nyuma ya matete. Hakuna aliyepangiwa kumpigia wala kumgongea. Mwili wake ulikutwa mto unakoteremkia, kwenye mashamba, siku zilizofuata.

Mwalimu alikwenda mazikoni, na ndugu wa marehemu walipofika alikaa nao akawauliza jina lake lote, umri wake na kazi aliyokuwa akiipenda. Tukirudi aliniambia, "Kila mtu nilikuwa namjua. Umbea wote ule, na huyu akanipita."

Tangu hapo alikuwa na msemo wake mwingine, kwamba ramani inachacha, kama uji. Aliusema kwa viongozi, kwa vijana wa chuo, hata kwenye sherehe ya harusi. Kila baada ya mavuno alizunguka na simu kwenye kona za mto, akaongeza kila kibanda, kila hema la wafugaji, kila mtu aliyejiegesha kwa msimu mmoja. Alitaka namba zao na lugha wanayoelewa. Wengine walimfukuza wakidhani ni mtu wa kodi. Alirudi kesho yake.

Na alichomwahidi Bi Mwanaidi alikitimiza. Mazungumzo ya kutuhamisha yalikuja kweli, kama bibi alivyosema, na picha ya rangi nyekundu ilikuwa mezani. Mwalimu aliisimamia ramani yake, kisha akasimama dhidi ya jinsi ilivyotaka kutumiwa. Alisema nyekundu inamaanisha usilale hapa wakati wa masika, haimaanishi usilime. Vikao vilikuwa vingi na vya kuchosha. Mwishoni tulipata viwanja vya kulala juu na mashamba yakabaki yetu. Bi Mwanaidi alijenga kule kwenye changarawe, analima chini. Hawakuwa marafiki, lakini aliacha kuangalia pembeni wakati wa salamu.

Macho ya Mwalimu yalipoanza kuingia ukungu alikabidhi kundi la wasap kwa mwalimu mwingine, kijana, akahamia Mikumi kwa binti yake mwenye duka la vifaa vya umeme kando ya barabara kuu. Sikumwona kwa muda mrefu. Kisha Zuhura wangu akaolewa Ruhembe, kwenye miwa, na nilipokwenda kumwangalia mjukuu niliteremka Mikumi kubadilisha gari.

Nilimkuta nyuma ya duka, amekaa kwenye kiti cha plastiki, amepungua. Nilimwamkia, akaitambua sauti. Hatukufika mbali, simu yake ikalia. Kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu aliongea kwa simu kwa muda mrefu, kwa lugha ya kwao, mara anabembeleza, mara anakaripia. Mimi nilielewa neno moja tu, maharage, kwa sababu alilitaja kwa Kiswahili.

Alipomaliza akaniambia ni kaka yake, Vidunda. Juu ya nyumba yake mlima umepasuka, ufa mrefu ambao mtu anaingiza mkono, na unapanuka kila mvua ikinyesha. Mwalimu aliwatumia picha Baraka na wenzake, wakamjibu palepale kwamba kaka ahame.

"Anasemaje?"

"Anasema atahama akishavuna maharage."

"Na mvua?"

"Ndiyo nimemuuliza."

Lori la miwa lilipita barabarani, vitu vya dukani vikatetemeka. Kisha akamwita binti yake, akamwambia amtafutie gari la kwenda Kidodi kesho asubuhi na mtu wa kumpandisha mlimani.

"Mama, huoni vizuri. Unakwenda kufanya nini kule?"

"Kulala."

"Kulala wapi?"

"Kwa kaka yangu. Chumba cha nyuma, kile kilicho karibu na ufa. Simu hanisikii. Akiniona nimetandika pale kila jioni, atasikia."

Binti alinitazama nimsaidie. Nilimwambia Mwalimu kwamba kwa umri wake hilo si jambo la busara. Alikubali kwamba si la busara. Aliniuliza kama nina kanga ya ziada, kwa sababu Vidunda kuna baridi, nikamwachia yangu.

Nilikaa Ruhembe nikiogopa kila wingu lililosimama upande wa milima. Siku moja binti yake alinipigia. Mjomba alivumilia kumwona dada yake chini ya ule ufa kwa muda mfupi tu, kisha akahamisha familia nzima kwa jirani ng'ambo ya bonde. Maharage waliyavuna wote, Mwalimu akiyapapasa kwa mikono, mchana tu, na jua likianza kuinama wanashuka.

Ufa bado upo. Mlima haujaanguka mpaka leo, na kaka yake, naambiwa, humlalamikia kila Jumapili baada ya ibada kwamba alimtoa kwenye nyumba yake bure. Yeye humsikiliza mpaka amalize, kisha humuuliza kama chai yake imekolea sukari.